Waliponiuliza Miaka Mitatu Nilikuwa Wapi

Mwangaluka, ndugu zangu. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Wenzangu tuliozoeana kwenye benchi la kliniki, hamjambo. Mwenyekiti wa kikundi chetu amenipa nafasi ya kusema, na amenionya nisizidishe, maana ananijua. Nitajitahidi. Sitataja jina la mtu wala la kampuni. Walionitendea mema hawajaniomba niwatangaze, na walionitendea mengine, watoto wao wanasoma shule moja na wangu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Naanza na hilo kabla ya ugonjwa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyo. Kazi nilijifunza kwetu Tinde, pale barabarani, tukitengeneza mikokoteni ya ng'ombe na milango ya maduka. Nilipokomaa nikapata ajira kwa mkandarasi mmoja upande wa Geita. Nilikuwa nachomelea ndoo za mitambo ya kuchimbia, zile kubwa ambazo mtu mzima anasimama ndani na bado kichwa hakionekani. Wenzangu wakiona mshono umenyooka walikuwa wanajua ni wa nani bila kuuliza.

Ugonjwa wangu ulianza na furaha. Usingizi ulinipotea, lakini sikuchoka. Nikawa naongea mfululizo, nina mipango mingi, namwahidi kila mtu nyumba. Halafu nikaanza kusikia dhahabu. Cheka tu, mama uliyekaa hapo nyuma, hata mimi siku hizi nacheka. Nilikuwa naisikia dhahabu ikiniita kutoka ardhini, nyuma ya bweni letu pale kambini, inanitaja jina.

Nawaambieni, ningekuwa nimesema maneno hayo katika mji mwingine, siku ileile wangenipeleka hospitali. Lakini huku ni kwetu. Nilipowaambia wenzangu, hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Waliniuliza ni upande gani. Wakaenda kutafuta sururu na makoleo. Mmoja akasema damu yangu ina uganga, ndiyo maana nasikia wasichosikia wengine. Tukawa tunachimba kila tukitoka kazini, na kadiri nilivyozidi kuugua ndivyo walivyozidi kuniamini. Shimo likaingia chini ya ukuta. Ukuta ukaanguka na tenki la maji likaenda nao. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Wenzangu walipewa onyo. Mimi nilifukuzwa, kwa sababu msimamizi alipokuwa anatugombeza, mimi nilikuwa bado nachimba.

Nikarudishwa Tinde kwa mama yangu. Sitawasimulia yote ya nyumbani. Ile furaha ilikwisha, ikaja kinyume chake. Nilikuwa nashinda nimelala nimegeukia ukutani, siogi, sisemi, namwogopa hata mtoto wangu mwenyewe. Mama alinipeleka kwa waganga, wakasema mizimu ya babu inanitaka. Simlaumu. Alikuwa anampigania mwanawe kwa njia aliyoijua. Aliyebadilisha njia ni mke wangu. Siku moja alipanga nguo zangu kwenye mfuko, akamwambia mama kwa heshima zote kwamba mizimu imepewa nafasi ya kutosha, sasa tunakwenda hospitali.

Hospitali nikapewa vidonge, na nikapewa jina la ugonjwa wangu. Ndugu zangu, jina la ugonjwa ni kitu kikubwa. Nilikuwa nadhani nimekuwa mtu mwingine, kumbe nilikuwa mimi yuleyule ninayeumwa. Haikuwa haraka. Vidonge vya kwanza vilinifanya nitetemeke na kunenepa, tukabadilishiwa, tukangoja. Lakini nilirudi. Siku moja nilichukua mashine ya jirani nikamchomelea mama mguu wa kitanda, nikautazama ule mshono, nikalia kwa furaha, maana ulikuwa umenyooka.

Basi nikaanza kutafuta kazi. Na hapo ndipo nilipokutana na mlima ambao hospitali hawakuniambia. Wasifu wangu ulikuwa mzuri, vyeti ninavyo, mikono ninayo. Lakini katikati palikuwa na miaka karibu mitatu mitupu, na kila niliyekaa mbele yake alikuwa anaweka kidole palepale. Hapa ulikuwa wapi?

Mara ya kwanza nilijibu kama anavyojibu kila mtu wa ukanda huu. Nikasema nilikuwa machimboni. Si ndivyo? Huku kwetu mtu akipotea miaka, anasema alikuwa duarani anashuka mashimo, na hakuna anayemhoji zaidi. Nilijiona mjanja. Kumbe yule bwana aliyekuwa ananisaili alikuwa anaogopa wachimbaji kuliko ugonjwa wowote. Akafunga faili. Akasema mchimbaji akisikia kuna rashi mahali, dhahabu imetoka huko Ushetu au wapi, anaondoka mashine ikiwa inawaka, na yeye ameshaachiwa mashine zinawaka mara nyingi mno. Nikatoka nje nimekosa kazi kwa kosa ambalo sikulifanya.

Mara ya pili nikasema nilikuwa namuuguza mgonjwa. Dada aliyekuwa ananisaili akaniuliza ni nani. Nikasema ni mtu wa karibu sana. Akauliza kama amepona. Nikasema anaendelea vizuri, anakusalimu. Mnacheka, lakini yule dada alinionea huruma kweli, akaniambia nirudi nikamuuguze hadi apone kabisa, maana kazi yao inataka mtu ambaye hana mgonjwa nyumbani. Huruma yake ndiyo iliyoninyima kazi.

Mara ya tatu, mbele ya mzee mmoja, nilichoka na uongo, nikasema ukweli wote. Wote, ndugu zangu. Nilianzia kwenye dhahabu iliyoniita, nikaenda kwenye ukuta, tenki, waganga, kuogopa mtoto, kila kitu. Nilipomaliza, yule mzee alikuwa amesogeza kiti chake hadi dirishani. Akasema watanipigia simu. Niliibeba simu ile mpaka chooni, haikulia.

Niliumia sana. Nilirudi kliniki nikamwambia muuguzi wetu kwamba nimeshindwa kwa uongo na nimeshindwa kwa ukweli, sasa nijibu nini. Akaniuliza kama ningevunjika mguu ningesimuliaje. Nikasema ningesema nilivunjika mguu, nikatibiwa, natembea. Akauliza kama ningemweleza bosi jinsi mfupa ulivyotokeza na jinsi nilivyopiga mayowe. Nikasema hapana. Halafu akaniambia jambo nililolibeba mpaka leo, kwamba anayeniajiri hahitaji kuijua siku yangu mbaya kuliko zote. Anahitaji kujua nini kilitokea, nimefanya nini juu yake, na sasa naweza nini.

Mke wangu akanifanyisha mazoezi. Alikuwa anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anakunja nne, ananiita wewe kijana. Nikisema kirefu, anakohoa. Nikiinamisha kichwa, anasema nafasi imejaa, aingie mwingine. Nawaambieni, sijawahi kukutana na bosi mkali kama yule. Mtoto wetu akaanza kuniuliza kila asubuhi kama leo nimepata kazi kwa mama.

Ndipo nikasikia kuna karakana Kahama inayotengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, inatafuta fundi. Mwenye karakana ni mama mtu mzima, mjane, anayejulikana kwa kutopenda maneno. Nikaenda. Alinipa vyuma viwili niviunganishe, akautazama mshono, akaupitishia kidole. Tukaingia ofisini kwake. Akafungua karatasi zangu, na kidole kikaenda palepale pangu.

"Hapa ulikuwa wapi?"

Nilisikia mke wangu anakohoa kichwani mwangu. Nikainua uso. Nikamwambia, "Nilikuwa naumwa, mama. Ugonjwa wa akili. Nilitibiwa hospitali, natumia dawa, na nahudhuria kliniki kila mwezi. Kazi naiweza kama ulivyoona. Ninachoomba ni ruhusa ya ile siku ya kliniki."

Halafu nikanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, kunyamaza pale. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuongeza, kuomba, kuapa. Sikuongeza neno.

Yule mama akazikunja karatasi zangu. Nje grainda ilikuwa inalia. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Ukianza tena, mimi nitajuaje?"

Ndugu zangu, swali hilo halikuwa kwenye mazoezi yetu ya ndoo. Lakini jibu nilikuwa nalo, kwa sababu nilikuwa nimekaa na ugonjwa wangu muda mrefu, nimeujua. Nikamwambia ataona sili na nimechangamka. Nitaanza kufika kazini kabla ya mlinzi kufungua. Nitakuwa na mipango mingi. Na nitachomelea vitu ambavyo hakuna mteja aliyeviagiza. Akiona hayo, ampigie mke wangu, na asinisikilize nikisema mimi ni mzima.

Akasema wote wanaokuja kwake wanadai hawajawahi kuugua hata mafua, halafu wiki ya pili mmoja yuko hoi na yeye hajui ameanguka kwa nini. Akaniambia nije Jumatatu, nije na viatu vya kazi.

Niliporudi Tinde nilimkuta mke wangu sokoni anauza nyanya. Nilikaa juu ya ndoo yake, nikakunja nne. Alielewa. Alipiga kigelegele hadi wateja wakaacha nyanya.

Ushuhuda ungeishia hapo ungekuwa mtamu, lakini ningekuwa nimewadanganya. Ugonjwa ulirudi. Mwaka wa pili tulipata kazi nyingi, tukawa tunafanya mpaka jioni sana, na usingizi ukaanza kunikimbia polepole. Sikuona. Mgonjwa wa aina yangu haoni, anajiona amebarikiwa. Mlinzi akawa ananikuta getini. Kisha nikatengeneza geti kubwa la chuma lenye maua na jua katikati, na hakuna mtu aliyekuwa ameagiza geti.

Mama wa karakana akalizunguka lile geti. Akapiga simu. Alipokuja kwangu nilikuwa nimeshakasirika, nikamwambia ananionea wivu, nikamwambia maneno mengine ambayo siwezi kuyasema mbele ya wazee. Hakupandisha sauti.

"Baba Minza, siku ya kwanza ulinipa maagizo. Sasa nayafuata. Gari liko nje."

Nikaenda. Nilienda nimenuna, lakini nilienda. Dawa zikarekebishwa, nikapumzika nyumbani wiki kadhaa. Hakukuwa na ukuta ulioanguka, hakukuwa na waganga, mtoto wangu hakunikimbia. Na niliporudi karakana, nikiwa na aibu yangu, nikiwa nimeandaa maelezo njia nzima, fundi mwenzangu alinitupia glavu akasema karasha la mteja linavuja, nisaidie kushika. Kama vile nilikuwa nimetoka kunywa chai. Kuhusu lile geti, mama alishaliuza kwa shule moja, na walirudi kuuliza kama fundi wake anaweza kutengeneza jingine. Nililitengeneza nikiwa mzima. Hilo la pili ni zuri zaidi, na msikubali mtu awaambie vinginevyo.

Najivuna, ndugu zangu. Najivuna wazi mbele yenu, na sitaomba radhi. Leo mimi ndiye msimamizi wa mafundi pale, na dawa zangu ninazimeza mbele ya watu kwa chai ya saa nne.

Namshukuru mama yangu mzazi, aliyenipigania kwa alichokuwa nacho. Namshukuru muuguzi wetu, aliyenifundisha kusema kifupi, ingawa leo mwenyekiti anaona sijafuzu. Namshukuru mama wa karakana kwa lile swali lake moja. Na bosi wangu wa ndoo yuko hapa, ameketi pale, anakohoa. Simama, mama Minza, wakuone. Wabeja sana, mke wangu.

Somo langu si kwamba kila mwajiri ni mwema. Mzee wa dirishani bado yupo, na wapo wengi. Wala siwaambii mkamwambie kila mtu, maana ugonjwa wako ni wako, utamwambia unayeona anapaswa kujua. Ninachosema ni kwamba uongo utaubeba kila siku kazini, na ni mzito kuliko vyuma ninavyobeba. Ukiamua kusema, usiseme kama mtu anayeomba msamaha. Kuugua si kosa.

Kuna mwenzetu mmoja humu ana usaili Jumatatu hii. Sitamtaja, anajijua, tangu nimeanza kusema anatazama viatu vyake. Mdogo wangu, inua uso. Wakikuuliza ulikuwa wapi, waambie ulikuwa unaumwa, ukatibiwa, umerudi. Kisha funga mdomo, kaa wima, na uwaache wao ndio watafute la kusema.