Printa ya Mama Mkwe

Mama aliyeketi mbele yangu kwenye basi alikuwa amepakata kompyuta kama mtoto mgonjwa. Masikio yangu hayakuwa na kazi nyingine, nikayatega.

"Naenda kuiuza iwe vipuri, kaka yangu," alimwambia abiria wa pembeni yake, baba wa makamo. "Kwa fundi inawaka vizuri. Nikiirudisha nyumbani, inaganda kabla haijafunguka. Kazi yangu ya kuchapa kadi ndiyo inakufa hivyo."

"Kwa fundi unaipeleka na nini, dada?"

"Yenyewe tu, kama unavyoiona."

"Na nyumbani unaichomeka nini?"

"Kibodi, kipanya, na printa ya mama mkwe."

"Basi mchawi wako ni printa. Ichomoe, uwashe kompyuta kwanza."

"We kaka! Printa ile alinipa mbele ya ukoo mzima. Niichomoe, aje akute waya unaning'inia?"

"Kwani mkweo anakaa nyuma ya meza?"

Nilicheka, nikajifanya nakohoa. Mama akawa anapapasa matundu ya nyuma ya kompyuta.

"Na kama si printa?"

"Utakuwa umepoteza nini? Hata kesho utauza."

Basi likasimama sokoni. Mama akashuka na kompyuta yake, lakini badala ya kuingia sokoni akavuka barabara, kwenye kituo cha mabasi ya kurudi.

"Mkwe leo yuko kwa binti yake!" akapaza sauti. "Nikiwahi, naichomoa kabla hajarudi!"

Yule baba akatoa kichwa dirishani. "Ikiwaka, mwambie ni baraka zake!"