Bwana Matar na Majina ya Mtakatifu Osyth

Baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bwana Matar Hamdun, mtunzaji wa kanisa la Mtakatifu Osyth hapa Edmonton, Uingereza, anastaafu Ijumaa tarehe 31 Oktoba. Kanisa nalo linafungwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo jarida hili la ibada ya Kiswahili ni la mwisho, na mimi Lila wa ofisini nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi.

Mzaliwa huyu wa Wete, Pemba, alikuja mwaka 1993 kwa kibarua cha wiki mbili cha kufyeka nyasi. Alikuta kanisa la Kianglikana lililojengwa mwaka 1731, ambalo bomu la wakati wa vita lilivunja madirisha yake tu, na makaburi mia mbili na arobaini: wafumaji, manahodha, na watoto wengi waliouawa na kipindupindu. Wiki zile mbili hazijaisha mpaka leo.

Wageni walishangaa: Mwislamu anatunza makaburi ya Wakristo, na mimi, Mhindi wa Mombasa, nachapa jarida. Kila asubuhi akifungua geti Bwana Matar aliwasalimu waliolala humo, kama ilivyo desturi ya Waislamu wapitapo makaburini. Nilipomuuliza, alinijibu, "Jirani humpiti kimya, Bi Lila."

Makaburi yasiyotembelewa na mtu aliyapandia mirihani. Baridi iliiua kila mwaka, naye kila mwaka akapanda upya. Kiangazi kimoja mchungaji wetu, Ian, aliichuma yote akaungia tambi, akidhani ni bustani ya jikoni. Bwana Matar alicheka wiki nzima, kisha akaweka kibao cha kukataza kuchuma.

Kazi yake kubwa haikuonekana. Mawe yetu ni laini na mvua imeyala maandishi. Leo hakuna hata moja linalosomeka. Daftari la maziko lilirowa stoo mpaka kurasa zikagandana. Lakini Bwana Matar alikuwa ameyasugua mawe hayo yangali na herufi, akayaweka majina yote kichwani. Kitukuu wa mtu akitokea Kanada bila taarifa, alipelekwa moja kwa moja hadi kaburini.

Aliniomba tukae, yeye ataje, mimi niandike. Tulifika jina la kumi na moja, simu ikalia. Nikamwambia tutaendelea wiki ijayo. Nimesema hivyo kwa miaka mitatu.

Agosti alipata kiharusi. Kutembea anatembea, utani anao, na ile salamu ya getini haijampotea. Majina yamemtoka. Wiki iliyopita tulizunguka kaburi kwa kaburi, mimi na kalamu yangu. Aligusa jiwe, akanitazama, akaniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi, na sijui nitaishi vipi na hilo.

Kwa kawaida hapa tunamtaja anayepokea funguo. Hakuna. Zinakwenda kwa mnunuzi, na Jumatatu mawe yataondolewa kupisha maegesho ya magari. Wenyewe watabaki chini.

Bwana Matar, ahsante. Unaporudi Wete kwa dada yako, tunakutakia afya, usingizi mzuri, na mirihani isiyojua baridi. Ijumaa nitasimama nawe getini. Wewe utasalimu, mimi nitasoma majina kumi na moja.

Nanyi mia mbili ishirini na tisa mliobaki, mniwie radhi.