Mwalimu Tahadhari Alinisubiri Niseme

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, mkufunzi wetu wa usalama na afya kazini anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi chuoni hapa. Wanafunzi humwita Mwalimu Tahadhari, na jina limemganda kiasi kwamba hata barua za ofisi humfikia nalo. Jarida limeniomba mimi, mkufunzi wa useremala ambaye karakana yake imepakana na darasa lake, niandike wasifu wake. Mhariri alisisitiza uwe mfupi na wa kuchangamsha. Kwenye ufupi nitajitahidi.

Alikuja akitokea kiwanda cha saruji, alikokuwa msimamizi wa zamu, na kikohozi alichotoka nacho huko hakijamwacha mpaka leo. Wakati huo somo lake lilikuwa vipindi viwili kwa wiki, la kujazia ratiba, likifundishwa na mkufunzi yeyote aliyekosa kazi. Alihangaika nalo miaka sita mpaka likawa kozi kamili ya miaka miwili, mwanafunzi akisoma kutwa nzima: sheria asubuhi, vipimo vya kelele na vumbi kabla ya chakula, karakana mchana. Leo wahitimu wake wako migodini, viwandani na kwenye majengo marefu, na wengi wa wanaowasimamia bado wana vidole kumi.

Tahadhari yake haikuwa ya darasani tu. Kwenye harusi ya bintiye mwenyewe aligundua kwamba spika zimeziba mlango wa pili wa ukumbi. Alivua koti, akazisogeza moja baada ya nyingine, huku maharusi wamesimama nje wakisubiri kuingia. Mkewe hakumsemesha mpaka kesho yake. Yeye anasema aliona raha siku nzima, kwa kuwa alijua watu wote watatokea wapi.

Mtihani wake wa vitendo ulikuwa mmoja kila mwaka: wanafunzi wakague karakana za chuo hiki na waorodheshe hatari walizoziona. Karatasi ya majibu hajaibadilisha kwa miaka kumi na moja, kwa sababu hatari zenyewe hazijabadilika. Feni ya kuvuta vumbi la mbao haizunguki. Mlango wa nyuma umezibwa. Swichi ya dharura inaning'inia kwa waya mmoja. Ripoti iliyopata alama za juu aliipeleka kila mwaka kwa mkuu wa chuo, ikapigwa muhuri wa kupokelewa na kulazwa kabatini. Wakaguzi walipokuja, mtunza stoo alibeba mitungi mitatu ya kuzimia moto kwa njia ya nyuma, ikiwatangulia wageni karakana hadi karakana. Mitungi mitatu, karakana sita, na chuo kikapewa cheti. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na mimi nikiwemo.

Mwaka jana kicheko kilitutumbukia nyongo. Binti wa mwaka wa pili, wa kwanza darasani, alikuwa akipima kelele kwenye karakana yangu. Aliteleza kwenye vumbi, akanyoosha mkono ajishike, ukaangukia msumeno wa mviringo uliokuwa ukizunguka. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Msumeno haukuwa na kinga yake ya chuma.

Mwalimu aliamriwa aandike kwenye daftari la ajali kwamba ni uzembe wa mwanafunzi. Alikataa. Aliandika kwamba kinga iliondolewa kabla wanafunzi hawajaingia, na kwamba aliyeiondoa hajajitaja. Kwa maandishi hayo, nyongeza ya miaka miwili ya kazi aliyokuwa ameahidiwa ikafa kimya kimya, ndiyo maana tunamuaga sasa. Kamati ya nidhamu ikaamua kwamba binti aliifungua kinga mwenyewe, ikamfukuza ikiwa imebaki muhula mmoja ahitimu. Mama yake, fundi cherehani, alikaa siku tatu kwenye benchi la nje ya ofisi, na hakuna aliyemwita ndani.

Kinga niliifungua mimi. Chuo kilitaka madawati sitini kabla ya ufunguzi wa jengo jipya, na kinga ilinichelewesha kwenye mbao nene. Jumanne ya ajali, asubuhi, niliifungua kwa spana na kuisukuma chini ya meza yangu.

Mwalimu aliikuta jioni ile ile. Alifunga mlango, akaniambia, "Ndugu yangu, jina lako sitaliandika. Utakwenda kusema mwenyewe, na mimi nitakaa kando yako." Hakuwa ananificha. Ndivyo alivyofundisha miaka yote: baada ya ajali usimwinde mtu, mwachie mlango wazi aje kwa miguu yake, maana anayewindwa hujifunza kuficha. Kwenye kamati tuliulizwa mmoja mmoja nani anajua. Ilipofika zamu yangu alinitazama, nami nikasema sijui. Hilo ndilo kosa lake pekee ninalolijua kwa miaka ishirini na tisa: aliniamini kwamba nitasema, akaendelea kunisubiri. Tangu siku ile amekuwa akinisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi salamu yake imeniuma.

Leo nimempelekea mkuu wa chuo maelezo yangu, yenye sahihi yangu, pamoja na kinga yenyewe. Nakala nimempa mama wa binti, mkononi. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniuliza, "Mwaka mzima ulikuwa wapi?" Kamati italazimika kukaa upya. Mhariri akiyakata haya, yapo pia kwenye ubao wa matangazo.

Mwalimu Tahadhari, kwa niaba ya wakufunzi, wafanyakazi na wanafunzi wote uliowarudisha makwao wazima, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na kifua kitakachopata nafuu. Mimi binafsi nina ombi moja, kaka. Usinisamehe kwanza. Subiri usikie binti amerudi darasani.