Maji Yasiyo ya Kunywa

Kwenye benchi la Mama Faadumo, muuza kahawa, nyuma ya soko la miraa la Maua, nchi hutawaliwa vizuri sana, tangu pikapu za alfajiri zinapoondoka mpaka kahawa ya tangawizi iishe kwenye themosi. Hapo huketi Murithi, ambaye wote humwita Waziri kwa sababu ni mwenyekiti wa Kamati ya Usafi wa Soko: ana kofia, ana filimbi, ufagio hana. Kando yake huketi Njuki, yaani Profesa, aliyesomeshwa na redio, na Burale mwenye magari, aliyepewa jina la Kontena kwa ajili ya tumbo lake. Siku hiyo Kathuri alifika macho mekundu. Mkewe, Ntinyari, alikuwa amelazwa kwa kipindupindu, na muuguzi alikuwa amemwambia atafute ugonjwa umeingilia wapi nyumbani kwake kabla haujawashika watoto. Na yeye, maskini, akaona hakuna pa kuuliza ila hapa.

– Karibu, Baba Karwirwa. Ai, usinipe mkono! Waziri aliruka. Kiwiko tu. Kamati imepitisha.

Kisha kwa mkono uleule akamchagulia vijiti vizuri vya miraa, akampa. Kathuri akapokea, akatafuna. Angekataaje?

– Kwangu maji tunachemsha, alisema. Yanatokota mpaka kifuniko kinaruka. Mboga tunaosha. Choo kina mlango. Sasa hii kitu imeingilia wapi? Nimemwacha Karwirwa nyumbani na mdogo wake, na nina hofu, wazee. Nisaidieni.

– Ni choo, Profesa alisema papo hapo.

– Choo kina makosa gani?

– Kosa ni kuwa kipo! Babu yangu hakuwa na choo, na aliishi mpaka akasahau umri wake. Vyoo vilipoletwa, kipindupindu kikafuata nyuma. Wewe ukijengewa nyumba, si utahamia?

Kontena akatikisa kichwa.

– Wacha hizo, Profesa. Hii inatoka Nairobi. Gari zinaenda zimejaa miraa, zinarudi na nini?

– Zinarudi tupu.

– Tupu wapi! Zinarudi na hewa. Hewa ya Nairobi, tunawabebea bure, bana! Mimi dereva wangu nimemwambia akifika Embu afungue milango yote, hewa ishukie huko.

– Wee! Watu wa Embu wamekukosea nini?

– Mji wao ni msafi. Wako na nafasi.

Waziri alipuliza filimbi kidogo, kuomba nafasi ya kuongea aliyokuwa nayo tayari.

– Kuhusu Embu niulizeni mimi. Kamati yote tulienda ziara ya mafunzo, tukalala hoteli.

– Mkajifunza nini? Kathuri aliuliza, na moyo wake ukainuka kidogo.

– Tulijifunza ya kwamba mji wao ni msafi.

– Eh. Na wanafanyaje?

– Hapo ndipo tunahitaji ziara ya pili.

Kathuri akapandisha sauti.

– Mke wangu ana dripu mikono yote miwili, na nyinyi mnaniambia hoteli!

Mama Faadumo akammiminia kahawa bila kuulizwa.

– Kunywa, baba. Hii imechemka.

Ndipo akatokea mwanamke kijana mwenye gambuti na kisanduku cha chupa ndogondogo. Alijitaja kuwa Gacheri, wa afya ya umma. Waziri alimsogezea nafasi kwenye benchi, lakini hakukaa. Alikuwa akitazama kibanda cha mbele, ambako mtu alikuwa akinyunyizia mabunda ya miraa maji ya mkebe.

– Hiyo maji mnachota wapi?

Swali dogo namna hiyo! Wote walijua kuwa ni kwenye mtaro unaopita chini ya kichinjio, kwa maana ni karibu na hakuna foleni.

– Hiyo si ya kunywa, dada, Waziri alisema, kwa upole wa mtu anayefundisha mtoto. Ni ya kunyunyizia isikauke. Na ya kuloweka kamba za mgomba za kufungia.

– Ya kunywa tunachemsha, Profesa akaongeza. Tena sana.

– Na miraa mnaosha kabla ya kula?

– Kuosha? Kontena alicheka. Ukiosha, stimu yote inaenda, unabaki kutafuna majani tu!

– Lakini mnailowesha.

– Kulowesha ni kulowesha, dada.

Shavu la Waziri, lililokuwa limejaa, likaacha kutafuna. Hakumeza, hakutema. Gacheri akamgeukia Kathuri.

– Wewe si mume wa yule mama aliye wodini? Yeye hufanya kazi gani?

– Anafunga mabunda, nyumbani. Mimi namletea maji, analoweka kamba. Hakuna mtu Maua hii anafunga kama yeye! Anazungusha hivi, anakaza hivi, halafu ncha anaishika na meno, anavuta…

Akakatiza hapo, mkono bado uko mdomoni.

– Na mzigo wa leo? Gacheri aliuliza polepole. Nani anaufunga?

Profesa aliinamia viatu vyake. Waziri alikuwa ameishika filimbi, lakini hakuipuliza. Kontena, ambaye gari lake lilikuwa likingojea mzigo huohuo, aligeuza uso. Kathuri mwenyewe ndiye aliyeteka ndoo ya maji ya mtaro asubuhi, akaiweka miguuni pa binti yake, akamwambia afanye haraka, gari halingoji.

Kikombe kilianguka, na yeye alikuwa ameshashika njia, mtu mzima mbio katikati ya soko, akiita Karwirwa, Karwirwa, na nyumba bado iko mbali.