Kagabo Ruberwa na Merikebu Tano za Waturuki

Baada ya miaka kumi na saba ya utangazaji katika redio yetu, Mzee Kagabo Ruberwa anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Jumatatu inayofuata atapasuliwa koo. Daktari hajaahidi kwamba sauti itabaki.

Alianza mwaka 2008 hapa Louisville, Marekani, akisoma matangazo ya vifo na harusi baada ya zamu ya ghala kule Jeffersontown. Ndiye aliyefungua studio ya Columbus, kisha ile ya East Side, Buffalo, ambako theluji ilimfungia ndani siku mbili naye akaendelea kutangaza. Kanuni moja aliileta yeye: aliyekosea hewani hujisahihisha hewani, kwa sauti yake mwenyewe.

Kipindi chake cha mwisho kinasimulia safari za kivita za Waturuki katika Bahari ya Hindi, karne ya kumi na sita. Wasikilizaji wetu wengi ni watu wa milimani, mashariki mwa Kongo, mbali na bahari. Mmoja alipiga simu kutoka Columbus kuuliza kama merikebu hizo zilifika Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika. Mzee alimjibu kwa heshima, dakika nne nzima.

Sehemu saba zimekwisha kutangazwa. Ya nane, kuhusu vita vya Mombasa mwaka 1589, ilirekodiwa wiki hii vipande vipande, kwani daktari alimruhusu kusema dakika kumi tu kwa siku, na kuanzia Alhamisi asiseme kabisa. Mkewe, Mama Yudita, alishika saa. Jumatano zilibaki kurasa mbili na dakika chache. Hapo Mzee akagundua kwamba katika sehemu ya saba aliwapa Waturuki merikebu ishirini. Walikuwa na tano. Ishirini hivi zilikuwa za Wareno.

"Bon, Papa, tano ao makumi mbili, nani atazihesabia?" alisema fundi wetu, Sandrine. "Maliza kwanza."

"Watu wamekaa na uongo wangu tangu Jumamosi," alijibu.

Alisoma sahihisho mara tatu, maana mara mbili sauti ilikatika.

"Imetosha, Papa Shami," alisema Mama Yudita, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, akazima maikrofoni.

Basi kesho Jumamosi, kurasa hizo mbili zilizobaki, za kutekwa kwa Ali Bey, amiri wa Waturuki, mtazisikia kwa sauti ya Sandrine. Amefanya mazoezi mara sita na bado anaogopa.

Mzee Kagabo, asante kwa kazi safi. Tunakuombea upasuaji wa heri na miaka mingi ya utulivu nyumbani. Ukiamka Jumatatu, usijaribu kutusalimu. Mama Yudita atapiga simu. Studio zote tatu tutakuwa tunaisubiri.