Miaka ya Kusemewa

Assalamu alaykum, jamaa zangu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu hii kaniomba nisimulie yaliyonikuta bila ya kutaja jina la mtu. Nilimwambia ntajaribu. Sasa nimesimama mbele yenu naona sitoweza, kwa hiyo namtaja mapema tumalizane: Zuwena binti Hamed, binti wa mjomba wangu mwenyewe. Leo hayupo, yuko safarini. Angekuwepo ningesema haya haya, tena ningemtazama usoni.

Mie skuli nimeishia darasa la sita. Hapa Muskati nimelea watoto na kumtazama mama yangu, mpaka mume wangu alipofariki ikabidi nitafute kazi. Zuwena yeye kasoma, alikuwa msimamizi wa maabara moja ya mimea. Wakiotesha mitende ndani ya chupa. Unakata kichipukizi kwa kisu kilichopitishwa motoni, unakitia chupani juu ya ute wa dawa, unaziba, unangoja. Kikikubali, kinatoka mche. Zuwena akaniingiza, na kwa hilo nilimshukuru, sikatai. Mkono wangu ukaizoea kazi. Nikaipenda, jamani! Nikilala naziota chupa.

Sasa sikilizeni nilivyopotea. Kazi ile ilikuwa ya mradi, na mradi una mwisho wake. Sote tulijua siku utakapofungwa, mwenye kujulikana atachukuliwa na maabara nyengine, asiyejulikana atarudi nyumbani. Ndo maana watu wa kazi hizi hawachoki kukutana. Kulikuwa na mikutano mtaa wa Qurum, mahotelini, wanakuja madaktari wa mimea, wenye mashamba, wakubwa wa serikalini. Wakimaliza hotuba zao wanasimama kuzungumza, huyu anamjulisha yule, namba za simu zinapeanwa. Ndugu zangu, nawaambia, mkutano wenyewe khasa ni hapo. Zile hotuba ni za kupitishia muda.

"Dada Salma, leo ushike dele," Zuwena akinambia. "Wa hoteli hawajui kumimina kahawa yetu."

"Na mie ntasema nao saa ngapi?"

"Useme nao nini, dada? Ntakusemea."

Ntakusemea! Nikaliona neno tamu. Na nyie mnajua, mwenye kumimina hakai. Anasimama na dele lake la kahawa mpaka mgeni atikise kikombe kwamba kashatosheka. Basi nikasimama, mkutano baada ya mkutano. Nikamjua nani anataka kahawa nzito na nani anajaza tende mfukoni, msicheke, wapo, tena wenye udaktari wao. Wao wakiniita khalti tu, kama anavyoitwa kila mwanamke mtu mzima, na wakiniuliza swali moja: "Wewe wa kina nani?" Nikiwataja wazee wangu na mji waliotoka, wanafurahi. "Aaa, wa Wete! Bibi yangu akitokea huko." Basi, yameisha. Hakuna aliyeniuliza nafanya nini, nami haya zinanishika kusema. Tumelelewa hivyo, mtu hajinadi mwenyewe.

Mradi ukafungwa. Wenzangu wakapata pahala mmoja mmoja. Nagudi, mwanamke wa Kiganda tuliyekuwa tukikata naye meza moja, kapata. Mie kimya. Nikamfuata Zuwena nyumbani kwake.

"Umenisemea?"

"Nimesema, dada. Wanataka wenye vyeti."

"Nagudi ana cheti gani?"

"Lo! Umekuja kunihoji mlangoni kwangu?"

Nikarudi zangu nyumbani Darsait, na hapo ndo nilipoanguka. Harusini siendi, simu sipokei. Watoto wakinambia, "Mama, toka kidogo upate upepo," nawakaripia. Mama yangu akaanza kuugua, nikawa nakaa naye chumbani mchana kutwa, namlisha uji, na ndani ya moyo wangu nna mtu namlaani. Hata sala zangu zilikuwa hazina ladha.

Mama akafariki, Mungu amrehemu. Siku ya pili ya msiba akaingia Dokta Thuraya, mkuu wa maabara iliyomchukua Nagudi. Nimemtilia kahawa miaka. Safari hii mie ndo niliyekaa na mtu mwengine anamimina. Akanikumbatia, akakaa mkekani ubavuni mwangu.

"Pole, khalti. Afadhali uliwahi kumuuguza kwa mikono yako. Zuwena alitwambia uliiacha kazi kwa ajili yake."

"Alisema nini?"

"Kwamba huitaki tena. Nagudi hakuacha kukutaja, ndo nikamuuliza Zuwena. Akanambia tusikusumbue."

Na mradi ulipofungwa mama alikuwa mzima, anakwenda sokoni mwenyewe!

Jamaa zangu, msiba si pahala pa kupeleka haja, kila mtu hapa anajua. Shangazi yangu alikuwa kakaa ubavuni mwangu upande wa pili, kasikia, akanibana kwa kiwiko. "Salma, nyamaza. Si siku yake." Nikamtazama. Nikageuka kwa Dokta.

"Sikuiacha kazi, dokta. Mie nakata vichipukizi vya mitende, ndo kazi yangu, na naitaka."

Shangazi akasema, "Astaghfirullah." Dokta akanishika mkono, akasema, "Siku zako zikipita, njoo unioneshe."

Nikaenda. Akanipa meza, akanipa kisu. Chupa nyengine ziliota, nyengine zikaingia ukungu, nikalia nikidhani nishaikosa kazi. Dokta akanambia, "Hata zangu zinaingia ukungu. Kata nyengine." Leo nimeandikwa kazi ya kudumu, alhamdulillah.

Zuwena nilikuja kumuuliza kwa nini. Hakukataa. "Niwaambie wakubwa wale kwamba binti wa shangazi yangu, mtu wa darasa la sita, anaomba kazi ya chupa? Uso wangu ntauweka wapi?" Mtanambia nisamehe. Namuomba Mungu anipe moyo huo. Hajanipa bado.

Namshukuru Dokta Thuraya. Namshukuru Nagudi, si ukoo wangu, si dini yangu, lakini alilitaja jina langu pamoja na kazi yangu pahala ambapo mie sipo. Ndugu yangu wa damu hakuliweza hilo. Na shangazi pia namshukuru, mana kile kiwiko kilinitia hasira, bila ya hasira nisingesema.

Ninalowaachia ni hili. Mtu akikuuliza wewe wa kina nani, mtajie wazee wako, halafu usinyamaze, mwambie na kazi yako. Na hapa kati yenu najua kuna wenye mabinti waliosoma mambo ya mimea na viumbe, vyeti viko kabatini, wanangoja mjomba aseme na mtu. Nileteeni mmoja mmoja. Nitampeleka mwenyewe kwenye hiyo mikutano, nitamkalisha mbele ya Dokta, kisha mie nitanyamaza, aseme mwenyewe.