Baba Nakala, Fundi Kompyuta wa Idara ya Maji

Marehemu kaka yangu alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili ni mimi ninayesoma. Mnivumilie, maana yeye ndiye aliyejua kunyamaza, mimi sikujaliwa.

Alihitimu ufundi umeme mwaka 1990. Kompyuta alijifunza mwenyewe, kwa kuzifungua. Hata redio ya baba aliifungua. Hiyo haikufungika tena.

Mwaka 1994 aliajiriwa Idara ya Maji. Baadaye, kompyuta mpya zilipokuwa zikiletwa, aliandaa moja tu: akaweka mfumo wa Linux, programu na printa, akaijaribu mpaka akaridhika. Kisha akatoa nakala mama, yaani nakala ya kila kilichomo, na kuimimina kwenye zote zilizobaki. Ndipo wenzake wakamwita Baba Nakala. Alicheka nao, ila jina lilimchoma, kwa kuwa mtoto hakupata.

Alioa tarehe 12 Agosti 2000. Wifi yangu alifariki mwaka 2011, na tangu hapo kaka akawa anasahau hata kula. Akaitegesha kompyuta yake imwandikie kila saa saba mchana: "Mume wangu, chakula kinapoa." Kabla ya kutoa nakala mama, fundi hufuta kwanza mambo yake binafsi. Safari moja alisahau. Lo! Saa saba ilipofika, ofisi nzima, mkurugenzi akiwemo, wakaitwa mume wangu. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mhasibu peke yake hakucheka. Alimfuata akamuuliza, "Kwani siku hizi nani anakupikia?"

"Hakuna, dada. Karibuni Jumapili, nitapika mimi."

Wakaitikia, "Tutakuja, Baba Nakala!" Kila Jumapili alipika sufuria kubwa, akaacha mlango wazi. Watu wana shughuli zao. Jumatatu alikuja ofisini na kiporo, wala hakumlaumu mtu.

Alianza kuugua figo Novemba 2023, akalazwa mwezi Mei. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2024, nesi akiwa amemshika mkono. Mimi nilikuwa bado njiani.

Ameacha dada mmoja, shemeji mmoja na wapwa watatu.

Kaka, tangu juzi nyumba yako imejaa watu, mpaka tumeazima viti kwa majirani. Mhasibu yumo jikoni, anapakua. Jamani, ungefurahi wewe! Haya, pumzika kwa amani, kaka yangu.